Lamuka, Bwembya, Twende ku Nyumba

Mama Matildah alifika sokoni Kashikishi jua likielekea ziwani, saa ambayo wachuuzi wa chisense, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru, wanafunga magunia yao. Alimkuta Méschac, fundi wa injini ndogo, anatoa grisi mikononi kwa sabuni ya unga. Akaeleza shida yake. Alikuwa na mashine ya kukata nyasi, ile ya kuvaa begani na kuwasha kwa kuvuta kamba, na ilikuwa imekataa kuwaka. Nyasi zimefika dirishani, juzi wameua nyoka jikoni. Fundi aje kijijini Kabuta leo hii, maana mashine yenyewe haiwezi kuletwa.

Méschac hakuuliza kwa nini mashine ya kubebwa begani haiwezi kubebwa. Huo ulikuwa ujinga wake wa kwanza jioni ile, na haukuwa wa mwisho.

Lakini tusimwonee. Kichwa chake kilikuwa nyumbani. Germaine, mkewe, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, na watoto wawili waliomtangulia huyu wa tumboni walikuwa wamezikwa, mmoja Moba, kwao Kongo, kabla hawajakimbia vita, mwingine upande huu wa Zambia. Wote wawili walikufa kabla kitovu hakijadondoka. Ndiyo maana walihama kwenye makazi ya wakimbizi wakapanga chumba Kashikishi, karibu na kliniki, na Méschac akawa hakatai kazi yoyote. Mtoto huyu aishi. Zaidi ya hapo hakuwa na ombi kwa Mungu.

Kuhusu kazi, Méschac alikuwa fundi kweli. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Kila injini ndogo iliyomsumbua aliivuta huku akimwita mwenye mashine kwa jina lake, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, aamke waende nyumbani, mkewe anamngojea. "Lamuka, Patson, twende ku nyumba, bibi anakungojea!" Anavuta. Ikiwaka, watu wanacheka, wanasema mashine imemsikia bwana wake. Ikikataa, anasema Patson bado amelala. Wateja waliupenda mchezo huo, na kuna waliokuja kukaa kwenye magunia ili kumtazama tu. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Hawakusema unaweza kukupeleka wapi.

Nyumba ya Mama Matildah ilikuwa ya mwisho Kabuta. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila majani marefu, na ndani ya majani hayo misalaba ya kijiji. Méschac aliegemeza baiskeli ukutani. Harufu ya samaki iliyomfuata njia nzima ilikoma pale uani, kama mtu aliyebaki mlangoni.

Mashine ilikuwa imelazwa juu ya mkeka, chini ya upenu, imefunikwa kitambaa cheupe.

Mama Matildah alimwonyesha kwa kidevu. Hakuigusa. Akaleta kikombe cha maji, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo. "Kunywa, ndume," alisema. Ndume ni kaka kwa Kibemba, kaka wa mwanamke. Méschac alifurahi. Wakongomani hawaitwi kaka kila siku upande huu. Akanywa maji yote.

Kisha akaanza kazi kwa utaratibu wake, maana injini ndogo haina maajabu. Inataka petroli, inataka hewa, inataka moto wa plagi, na moshi upate pa kutokea. Basi.

Alitazama swichi kwanza, kwa sababu nusu ya mashine zinazoletwa sokoni ni swichi tu imezimwa. Ilikuwa sawa. Akafungua tangi. Petroli ilikuwa ya zamani, inanuka kama rangi ya ukutani. Akaimwaga, akatia nyingine aliyokwisha kuichanganya na mafuta. Akatoa chujio la hewa, akalikung'uta. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye chuma na kuvuta kamba. Cheche ilitoka, ya buluu, nzuri kabisa. Akairudisha, akavuta.

Kimya.

Akavuta tena. Kimya... Si ule ukimya wa injini iliyochoka, ambayo angalau hukohoa. Hii ilikuwa inameza kila anachoipa.

Akainamia bomba la moshi na kuliangalia. Lilikuwa limezibwa. Alicheka. Nyigu, akasema moyoni, nyigu hujenga popote penye tundu. Akachukua bisibisi akaanza kuchokoa. Udongo ulitoka vipande vipande, laini, mweupe kama unga wa muhogo. Nyigu gani wa Kabuta anajenga kwa udongo mweupe? Swali lilimpitia, likaenda zake. Mama Matildah alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Alikiona kila kipande kikianguka mkekani.

Sasa petroli ilikuwa imezidi ndani. Méschac alifungua tena plagi, ili avute kamba mara kadhaa bila plagi na kutoa petroli iliyojaa. Kila fundi hufanya hivyo. Jua lilikuwa limezama. Akataka kumchangamsha yule mama aliyenuna.

Akamuuliza mwenye mashine anaitwa nani.

Mama Matildah aliangalia ziwani. Midomo ilimcheza kidogo.

"Bwembya," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini sana.

Méschac hakuuliza Bwembya yuko wapi. Nusu ya wanaume wa Kabuta huwa kwenye kambi za uvuvi za Chisenga. Akaweka mguu juu ya mashine, akashika mpini wa kamba, akapaza sauti yake ya sokoni.

"Lamuka, Bwembya, twende ku nyumba, bibi anakungojea!"

Akavuta.

Injini iliwaka.

Iliwaka taratibu, bila kelele, kama mtu anayepumua usingizini. Kisu chake hakikuzunguka. Méschac alitabasamu, akageuka kumtazama Mama Matildah ili acheke naye. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndipo aliposikia kitu kigumu, cha moto, katika kiganja chake cha kushoto.

Ilikuwa plagi.

Alizima swichi. Injini iliendelea kupumua. Alizima tena, akairudisha, akazima. Mpini wa kamba bado ulikuwa katika mkono wake wa kulia, na kamba ikaanza kurudi ndani. Hilo ni jambo la kawaida, springi huirudisha. Lakini springi huvuta mara moja na kwa nguvu ile ile. Hii ilivuta... ikapumzika... ikavuta tena. Kuna mtu upande wa pili. Ndivyo ulivyojua mkono wake kabla kichwa hakijajua. Aliachia mpini. Kamba ilirudi polepole, bila haraka yoyote, mpaka mpini ukakaa mahali pake.

Mashine ikazimika yenyewe.

Hewa ikajaa harufu ya majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, na hakuna jani hata moja lililokuwa limekatwa uani pale. Méschac hakukusanya vifaa vyake vyote. Alipanda baiskeli akakanyaga, na harufu ile ilikwenda naye mpaka Kashikishi, karibu sana na kisogo chake.

Germaine alimpokea akicheka. Alimwambia mtoto, aliyekuwa mzito na kimya siku zote hizi, ameanza kucheza tangu jua lilipozama. Akamshika mkono akauweka tumboni.

"Ananikokota mu ndani," alisema. "Anakokota, anapumuzika, anakokota tena. Mutoto ana nguvu, Méschac."

Méschac aliuacha mkono pale kwa sababu Germaine alikuwa na furaha. Alitamani kuutoa. Alipovua suruali aliikosa mfukoni plagi nyingine, ile mpya anayotembea nayo. Basi labda alikuwa amefunga moja na kushika moja, akajiambia, giza lilikuwa linaingia, mtu hukosea. Alijiambia hivyo mara nyingi. Kila mara alikumbuka tundu la plagi, jeusi, wazi.

Mtoto alizaliwa kliniki juma lile lile. Wa kiume, mkubwa, mwili mzima. Alitoka macho wazi. Hakulia. Muuguzi, binti mmoja mtulivu aitwaye Suwilanji, alimpapasa mgongo, akamsafisha pua na koo, akamsikiliza kifua. Anapumua vizuri. Moyo unapiga. Akawekwa kwenye titi la mama yake, akafunga midomo.

Akabadilishiwa upande. Akafunga midomo.

Méschac alisimama kando ya kitanda, na akili yake ya ufundi ilifanya kazi bila kuombwa. Hewa ipo. Joto lipo. Maziwa yapo, yanadondoka yenyewe. Hakuna kilichoziba. Mbona haiwaki? Alijichukia kwa kuwaza vile juu ya mwanawe. Suwilanji alikamua maziwa akamtilia kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Mengi yalitoka pembeni mwa mdomo. Alisema kama hali itabaki hivyo, gari litampeleka hospitali kubwa kesho asubuhi, na ameshapiga simu.

Germaine hakulia. Alikuwa anamtazama mtoto kama alivyowatazama wale wawili.

Ndipo Suwilanji akasogea, akaongea kwa kunong'ona kama anayeona aibu mbele ya sare yake mwenyewe. Akasema bibi yake huko kwao, mtoto akikataa titi, alikuwa anamtajia majina ya marehemu wa ukoo. Alisema mtoto huja na mtu wake, na hukataa chakula mpaka aitwe. Si dawa, akasema. Lakini haizuii dawa.

Wakamtajia. Baba yake Germaine. Bibi aliyemlea Méschac. Ambroise, kaka yake Méschac aliyebaki Moba barabarani siku waliyokimbia risasi. Kwa kila jina walingoja. Mtoto aliwatazama kwa macho yake wazi, kwa subira, kama mtu anayejua kwamba watafika tu.

Méschac alikuwa anajua jina lililobaki. Alitoka nje akachukua baiskeli.

Mama Matildah alikuwa anaanika mihogo. Nyasi za uani zilikuwa pale pale, na mashine chini ya kitambaa chake. Hakushangaa kumwona. Méschac alimweleza habari za mtoto, na alipomaliza mama yule alikaa chini kwenye udongo.

Akamwambia yote, kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki na Kibemba pale kilipomshinda. Bwembya alikuwa kaka yake, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi makaburini. Lakini mara nyingine alikuwa anakata kipande ambacho hakuna aliyekiomba, mahali pasipo na kaburi, kirefu na chembamba, safi kabisa. Juma halikuisha kabla kipande hicho hakijapata mtu wake wa kuzikwa. Watu walisema anaua. Yeye alisema haui, anaonyeshwa tu. Alipokufa mwenyewe, wazee walikutana ili achaguliwe wa kumrithi, wa kubeba jina lake na roho yake, kama desturi ilivyo: mkeka, maji ya kunywa, na chombo cha kazi cha marehemu mkononi. Mrithi hutoka kwa watoto wa dada. Watoto wa dada walikuwa wa Matildah. Wote walikataa. Basi wazee wakaziba mashine kwa udongo mweupe wa mizimu, wakakataza jina lake lisitajwe.

Méschac alihisi yale maji aliyokunywa, kana kwamba bado yamo kooni.

"Ulijua," alimwambia. "Ulinipa mayi. Ukaniita ndume."

"Nilitaka nyasi zikatwe," alisema Mama Matildah. Kisha hakuweza kumtazama. "Mwana wangu mukubwa alianza kuitikia mu usingizi, ba Méschac. Kila usiku anaitika, kuli mutu anamwita. Mi ni mama."

"Na mutoto wangu?"

"Uliniuliza jina, nikakupa jina. Mi sikukutuma umwite ku nyumba yako."

Hasira ilimpanda hadi akaona giza, ila hakupata pa kuitua, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli. Hakuna aliyemlazimisha. Mwaka mzima alikuwa amewakaribisha watu nyumbani kwa kelele, akachekewa. Mmoja akakubali. Alipokuwa anaondoka, Mama Matildah alimwambia jambo la mwisho: tangu jioni ile mwanawe analala vizuri.

Alifika kliniki jua linazama tena. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka na rangi yake imebadilika. Méschac alimweleza Germaine yote, ameinama sikioni mwake.

"Ukimwita atanyonya?" Germaine aliuliza.

"Labda. Lakini nani atanyonya, Germaine? Mutoto, ao yule mutu?"

Germaine alimfuta mtoto midomo. Alikuwa mwanamke wa kusali, mwimbaji wa kwaya, na Méschac alitegemea atataja jina la Yesu, au atampiga kofi. Laiti angempiga.

"Nilizika babili," alisema. "Mwite."

Méschac alipiga magoti. Akasema, "Bwembya." Mtoto alimtazama tu. Akarudia. Hakuna kitu. Na hapo akaelewa kwamba jina peke yake halitoshi, kwamba anatakiwa amwite kama alivyomwita, na machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno.

"Lamuka, Bwembya," alinong'ona. "Twende ku nyumba. Bibi anakungojea."

Mtoto alikohoa.

Akakohoa tena... akavuta pumzi, akakata, akavuta... kisha akalia, kilio kimoja kirefu kilichojaza chumba. Germaine alimweka kifuani, naye alilishika titi kwa nguvu mpaka mama yake akauma meno. Suwilanji alikuja mbio, akacheka, akamshukuru Mungu, halafu akaenda kufunga dirisha. Alilalamika kwamba kuna mtu anakata nyasi nje wakati wagonjwa wanapumzika, harufu yote inaingia ndani. Aliangalia huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akalifunga.

Baadaye alieleza kitaalamu kwamba watoto wengine huzaliwa wamechoka, yale matone ya maziwa huwapa nguvu kidogo kidogo, halafu wanaanza. Hivyo ndivyo ilivyo. Méschac aliitikia kwa kichwa. Alitaka sana kuwa mtu wa kuamini hivyo.

Kanisani mtoto alibatizwa Dany, na nyumbani aliitwa Dany. Alinenepa. Kitovu kilidondoka, na siku hiyo Germaine alicheza peke yake chumbani, analia na kucheka, jambo ambalo hakuwahi kulipata kwa watoto wengine. Méschac aliendelea na kazi sokoni. Alivuta kamba kimya sasa. Wateja walimuuliza utani wake umekwenda wapi, akasema koo linamuuma.

Nyuma ya chumba chao kulikuwa na kiwanja kisicho na mtu, nyasi zake zimefika kifuani kwa sababu ya mvua. Asubuhi moja Germaine alitoka kumwaga maji, mtoto yuko mgongoni. Méschac, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, alisikia beseni linaanguka.

Alimkuta amesimama kando ya kipande kilichokatwa. Kando zake zilikuwa zimenyooka, nyasi zimelala upande mmoja, mbichi, zinanuka. Hakuna njia iliyofika pale wala iliyotoka pale. Labda mtu alitaka majani ya mbuzi. Méschac hakusema hivyo. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kuogopa, lilikuwa kupima kwa macho urefu wake.

Kilikuwa kirefu. Kirefu mno kwa mtoto mchanga, kirefu mara tatu, mara nne. Akasema asante, Mungu wangu, asante, akacheka kwa sauti, akanyoosha mkono kumgusa Dany kichwani. Dany alikuwa macho, ametulia, shavu lake limelala kwenye mgongo wa mama yake, anakiangalia kipande kile kama mtu anayekagua kazi.

Germaine hakucheka. Alikuwa amekwisha kukitazama kipande kile kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa alikuwa anamtazama mumewe, polepole, kutoka kichwani hadi miguuni.